Lutuku ya Yaya Béa

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi nzima nafundisha infraredi, jinsi mashine inavyotambua kemikali kwa mwanga. Wanafunzi wanapiga miayo. Niliwaambia kila mmoja alete kimiminika kutoka nyumbani tukipime: siki, manukato, mafuta ya taa. Mimi nimeleta lutuku, pombe kali ya Yaya Béa, dada yangu mkubwa wa Katuba, anayeipika kwa mahindi. Darasa likaamka ghafla. Watoto wa watu.

Tone moja kwenye mashine, mstari ukajichora. Ethanoli, kama nilivyotarajia. Lakini pembeni ya kilele chake kuna kingine. Nikawaambia ni uchafu. Sikuwa na uhakika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimesafisha mashine, nimerudia. Bado kipo.

Kifungo cha kaboni na oksijeni ndicho kinachotoa kilele hicho. Katika ethanoli kina mahali pake, katika methanoli hukaa pembeni kidogo. Nikapima methanoli safi ya kabatini, nikalaza mstari juu ya mstari. Vilele vikalingana. Lutuku yoyote huwa na methanoli kidogo, lakini kilele hiki kirefu mno. Methanoli hupofusha. Huua. Kesho naenda Katuba.

Jumatano, 6 Agosti

Katuba. Yaya hakuficha kitu. Mahindi yamepanda bei, na Jumamosi kuna kilio cha mwimbishaji wa kwaya ya parokia. Pombe ikiisha kilioni ni aibu ya mpikaji. Kwa hiyo ameiongezea alikoli ya kiwandani, aliyouziwa Ruashi kwenye bidoni, dumu la plastiki. Mimi na shule yangu yote sikuwahi kufikiria kwamba angefanya hivyo.

Akamimina kidogo kijikoni, akawasha kiberiti, kama wapikaji wote wanavyofanya. Mwali wa bluu, safi. Kwao ukiona bluu, kesi imekwisha. Nikamweleza kwamba methanoli nayo huwaka bluu. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Moto haina bongo," akasema, yaani hausemi uongo. "Ni weye unasikiaka haya juu ya kazi yangu."

Lutuku hiyo ndiyo iliyonisomesha. Nitaionea haya vipi? Nimekasirika mpaka nimesahau mkoba wangu kwake.

Alhamisi, 7 Agosti

Hapokei simu.

Jumamosi, 9 Agosti

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Hapa kwetu anayeleta pombe huonja kwanza mbele ya watu, waone hakuna sumu. Nilipofika kilioni, Yaya alikuwa amesimama kando ya pipa, wazee wakisubiri. Akaniona. Akajaza kikombe, si cha kuonja, kikombe kizima, akakinywa chote kabla sijafungua mdomo. Alikunywa ili aninyamazishe mimi. Namjua, ni wa tumbo moja nami.

Nilitoa karatasi yenye ule mstari. Mzee mmoja akaigeuza juu chini, akanirudishia kwa upole. Mwingine alikuwa tayari ameshika bilauri tupu. Basi nikapiga moyo konde, nikalisukuma pipa. Ardhi ikanywa yote.

Wameniita mchawi. Mjane akajifunika uso. Nikamsihi Yaya twende hospitali, akanipa mgongo, akaondoka na wanakwaya. Ninamwogopea. Pia ninamchukia kidogo, leo.

Jumapili, 10 Agosti

Alinipigia mwenyewe, asubuhi. Sauti ndogo. "Mu macho kuko moshi."

Hospitalini nilimwekea daktari ile karatasi mezani. Huyu aliusoma mstari na hakuuliza swali la pili. Wanamtibu kwa ethanoli, ili ile nyingine isipate nafasi mwilini. Pombe kwa pombe. Yaya angecheka kama angekuwa na nguvu. Anatapika. Anapumua kama aliyepanda mlima.

Jumanne, 12 Agosti

Mara hajambo, mara hawezi. Sijui niandike nini.

Ijumaa, 15 Agosti

Atapona. Mwili, yaani. Macho yanaona mwanga na vivuli, na daktari haahidi zaidi.

Nimemmenyea chungwa. Alikula polepole. Nilingoja matusi, au machozi, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Akageuza uso kuelekea nilipokuwa.

"Nani mungine alikunywa?"

"Hakuna, Yaya. Ni weye tu."

Akashusha pumzi. Akanyoosha mkono, nikampa kipande kingine cha chungwa.