Wimbo wa Kuzingirwa

Mbeya, 10 Februari 1974

Baba mpendwa,

Kamwene, baba, na shikamoo nyingi. Kifua kinaendeleaje na mvua hizi? Natumaini dada Severina bado anakupikia ule ugali mgumu unaoutaka, maana najua ukilainishwa unasusa. Mimi ni mzima, ila baridi ya Mbeya inanitafuta magotini utadhani nimezeeka.

Nakuandikia kwa shida ya kazini. Darasa la tano nawafundisha vita vya babu zetu na Wadachi, na nilichoka kuwaona wakisinzia. Basi nikapasua gunia, nikachora kwa mkaa boma, mto na vilima. Maharage ni watu wetu, punje za mahindi ni Wadachi. Makundi mawili yanacheza: wapi pa kuvizia, lini warudi nyuma, chakula cha bomani kitawafikisha wapi. Wanaupenda mchezo mpaka wanagombana. Lakini Jumatatu nikiwauliza mchezo wa Ijumaa ulikwendaje, hakuna anayekumbuka.

Mimi michezo ya bao ya marehemu mama naikumbuka mpaka leo, shimo kwa shimo. Nimewaza sana nikaona sababu ni wewe. Mama alicheza, wewe ukakaa pembeni na ligombo, ukidonoa nyuzi taratibu. Nikiuimba wimbo moyoni, nauona mkono wake unavyotembea juu ya mashimo. Nimejaribu kuwaimbisha wanafunzi wangu wakicheza. Waliimba vizuri mno, mchezo wakausahau pale pale.

Nazihitaji zile nyimbo zako tatu za bao: wa kupanga kete, wa kuzingirwa na wa kufunga mchezo. Wa kuzingirwa ndio ninaoutaka zaidi. Mwalimu mwenzangu Manjula, binti wa mwenye duka la vitambaa, atakubali kuniazima tepurekoda yao. Nikija likizo utanipigia?

Mwanao,
Evarista


Igowole, 3 Machi 1974

Mwanangu Evarista,

Kamwene. Barua imefika, tumeisoma na dada yako, tumecheka. Sisi wazima, kifua kinakuja na kwenda kama mkwe asiyeheshimika. Mahindi yanatia moyo.

Mwalimu mzima unachezea maharage ya kula. Mama yako angekusema.

Ligombo lipo, limetundikwa pale pale ukutani. Nyuzi zimelegea. Halijapigwa tangu tulipomzika mama yako. Bao nalo liko chini ya kitanda. Wasalimie wenzako wa kazini.

Baba yako,
Joachim


Mbeya, 20 Machi 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea salama. Kwetu ni amani.

Niliposoma kwamba nyuzi zimelegea sikutaka kupoteza muda. Katika kifurushi hiki kuna waya mwembamba, mzuri, kutoka dukani kwa akina Manjula. Baba yake, Mzee Jayantilal, ameuchagua mwenyewe baada ya kunihoji sana huo waya ni wa nini. Badilisha nyuzi zote baba, upate mazoezi kabla sijaja.

Mwanao,
Evarista


Igowole, 14 Aprili 1974

Mwanangu,

Kamwene. Tunamshukuru Mungu kwa Pasaka, na kwa soksi ulizoweka kwenye kifurushi. Waya nao ni mzuri. Dada yako ameshauomba aanikie nguo.

Nyuzi hazikukatika, mwanangu. Nilizilegeza kwa mkono wangu. Kosa si lako, tulikupeleka shule ya bweni ukiwa mdogo, mengine hatukukuambia. Mpiga ligombo akifiwa na mchezaji wake hulegeza nyuzi, na hazikazwi tena mpaka mtoto wa marehemu akae upande ule wa bao aliokaa marehemu, acheze. Jirani hafai. Severina nilimkalisha, akaona mashimo tu, akaniambia ana mboga jikoni. Umebaki wewe.

La pili ni gumu zaidi kulisema. Nyimbo hizo sikuzijua peke yangu. Nilikuwa naangalia mkono wa mama yako. Watu walinong'ona kwamba mwanamke hachezi bao, na yeye akawafunga mmoja mmoja mpaka wakanyamaza, nami nikifuata vidole vyake. Akichota kete, kidole changu kilishajua kiende wapi. Sasa nikijaribu kuuvumisha ule wa kuzingirwa, ukifika katikati unakatika.

Umesema wanafunzi wako wanasahau. Umewapa wimbo unaotaka kusikilizwa. Wimbo wa mchezo hausikilizwi, Evarista. Mchezaji anawaza kete zake, na wimbo unaingia ndani mwake bila kupiga hodi. Lazima uwe mfupi, uzunguke bila kuchosha, na usimwambie afanye nini. Wapigaji wengine wakiona vita vimeiva wanaongeza mwendo. Mimi nilipunguza. Mama yako akizingirwa alikaa na kete mkononi muda mrefu juu ya shimo, asizidondoshe, na mimi nikamngoja. Ule wimbo karibu wote ni kungoja. Nadhani ndiyo maana umekukaa.

Njoo Juni, usikose. Masikio yangu yameanza kuvuma, hasa la kushoto. Nataka kukaza nyuzi nikiwa bado nasikia.

Baba yako,
Joachim


Mbeya, 26 Mei 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Poleni na baridi. Masikio yanasemaje? Tafadhali nenda zahanati, usitie mafuta ya moto kama ulivyomtia jirani.

Nimesoma barua yako nikaona haya, halafu nikalia, halafu nikamcheka Severina na mboga zake. Nakuja Juni. Kila jioni nacheza bao na mlinzi wa shule nisije nikakuaibisha. Ananifunga bila huruma, lakini jana alikuna kichwa kabla ya kunifunga.

Mwanao,
Evarista


Mbeya, 4 Agosti 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu, na sijui kama mko salama. Naandika kwa wasiwasi.

Kama nilivyoeleza katika zile mbili, Juni nilianza safari. Basi lilifika Igawa likasimama, dizeli hakuna, na waliotoka upande wa Makambako walisema na huko hakuna. Tulilala kwenye vibaraza vya maduka, tepurekoda ya watu nimeikumbatia kama mtoto mchanga. Siku ya pili lori la kurudi Mbeya likatuchukua kwa kutuhurumia. Nilipofika shule tukaitwa semina, likizo ikaisha. Baba, najua uliningoja. Nilijua hivyo nikiwa nimekaa pale Igawa, na iliniuma kuliko njaa.

Kama umenikasirikia, niandikie hivyo hivyo ukiwa umekasirika.

Mwanao,
Evarista


Igowole, 22 Septemba 1974

Mwanangu,

Kamwene. Sijakasirika. Nilishindwa kuandika kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Sikio la kushoto lilikufa Juni ile ile. La kulia nikalitegemea, nikawa nalala nimeliweka juu, nikidhani likisikia majogoo litapona. Agosti nalo likaniaga. Zahanati wamenitazama, wakanipa vidonge, wakamwambia dada yako maneno ambayo hakuniambia. Sasa ananieleza mambo kwa mikono. Pia ananisema mbele yangu akidhani sielewi, na mimi naangalia mdomo wake namwacha amalize.

Kitu kibaya ni kimya cha nyumbani. Nilidhani nimekizoea tangu mama yako aondoke, kumbe kile hakikuwa kimya.

Njoo hata hivyo. Macho yangu mazima. Mkono wako nitauona.

Baba yako,
Joachim


Mbeya, 6 Oktoba 1974

Baba,

Shikamoo. Nakuja Desemba, hata kama ni kwa miguu kutoka Igawa.

Mwanao,
Evarista


Igowole, 11 Januari 1975

Mwanangu Evarista,

Kamwene, na heri ya mwaka mpya. Natumaini ulifika salama na hiyo mashine ya watu haikulowa. Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa. Severina anakusalimu, anasema ulisahau kanga yako ya njano na hairudi.

Nashukuru ulivyokaa upande wa mama yako bila kuambiwa mara mbili. Ulishika kete kwa ncha za vidole kama yeye. Mimi nilikaza nyuzi kwa kuzibonyeza, nikipima ugumu wake kwa kidole gumba, kwa kuwa njia nyingine sina. Nilipopiga nilimwona Severina anajifuta macho, nikaiona mikanda ya mashine inazunguka. Wewe ulikuwa umeinamia bao. Ulipoinua uso ukatabasamu. Tabasamu lako la adabu nalijua, ndilo ulilokuwa ukilitoa ulipopewa mlenda.

Nilitaka kukuuliza siku ile, lakini ungenijibu kwa mikono, na mikono ni rahisi kuidanganyia. Kwenye karatasi itakubidi ufikiri. Ule wa kuzingirwa, ulikuwa wenyewe? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama yako hakunipaka hata siku moja.

Baba yako,
Joachim


Mbeya, 9 Februari 1975

Baba mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru Mungu mko wazima. Kanga amwachie, inampendeza kuliko mimi.

Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena. Nianze na jema. Tunaweka mkanda wako kwa sauti ya chini, watoto wanacheza vita vyao juu ya gunia, na hakuna anayeusikiliza. Jumatatu nawauliza, wanaanza kuvumisha pua, halafu wananieleza: hapa tulivuka mto, hapa walitukata njia, hapa chakula kilikwisha bomani. Wanakumbuka yote. Manjula anauvumisha akisahihisha madaftari, na baba yake anauvumisha akipima vitambaa. Ningeweza kuishia hapo, na isingekuwa uongo.

Lakini umeniuliza. Haukuwa wenyewe, baba.

Nyuzi za chini zilikazwa kupita kiasi, wimbo ukaanzia juu. Hilo lingepona. Pale katikati ndipo ulipopotea. Mama angekaa na kete mkononi. Mimi niliona umenikodolea macho, nikaogopa, nikadondosha, na wewe ukanifuata kama ulivyomfuata yeye. Kungoja hakukuwepo. Wimbo wanaouimba huku ni wa mkono wangu wenye haraka.

Ule wa mama unafika katikati unasimama. Mtu anaweza kudhani umekwisha. Halafu unashuka hatua ndogo ndogo, halafu unarudi kwenye uzi wa kwanza, polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Nikifumba macho nausikia wote. Siwezi kuupiga, na nikitaka kuwaimbia watoto nageukia ubao.

Nisamehe kwa kukuambia. Nimelia kwa kuwa ulijitahidi sana, na ulipomaliza ulikuwa na furaha usoni.

Mwanao,
Evarista


Igowole, 2 Machi 1975

Mwanangu,

Kamwene. Sisi wazima. Mvua nyingi, maharage yameoza shambani, usije ukaniomba ya kuchezea.

Nilijua kwamba haukuwa wenyewe. Ligombo lilinitetemekea pajani vingine, nikajua kabla hujaidondosha ile kete. Usijilaumu kwa hilo. Furaha uliyoiona usoni ilikuwa ya kukuona umekaa pale.

Nilikuuliza kwa sababu nyingine. Wimbo wa mama yako ulikuwa umekaa mahali pawili, kwangu na kwako. Kwangu umetoka. Nautafuta kila siku kabla sijaamka kitandani, napata mwanzo tu. Nikaogopa kwamba labda na kwako umefutwa na huu wangu mbovu, maana wa mwisho kusikika ndio hubaki. Ungeniandikia kwamba ulikuwa wenyewe, ningejua haupo tena popote, na ningekuwa nimemzika mara ya pili.

Umeandika kwamba unashuka, halafu unarudi kwenye uzi wa kwanza. Nilikuwa nimesahau kwamba unarudi.

Watoto waache na ule wa kwao, umewafaa. Huu wa mama yako kaa nao wewe. Usijilazimishe kuuimba.

Nyuzi nimezilegeza tena, na safari hii sitamsumbua mtu kuja kuzikaza. Ule waya wako Severina ameufunga uani, kutoka kwenye nguzo ya jiko mpaka kwenye mti. Mashati yangu yanakauka vizuri.

Baba yako,
Joachim