Kelele Walizozitoa Kwenye Kaseti Yangu

Igogo, Mwanza
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Odeta,

Marahaba, maana najua ukiiona bahasha hii utaniamkia hata kabla hujaifungua. Mimi mzima. Goti la kushoto linauma nikipanda mawe ya kuja nyumbani, lakini vijana wa hapa wanapumzika njiani na mimi sipumziki. Wifi yako Rose naye mzima, presha imeshuka. Huko Mpanda hamjambo? Shemeji Luhende kifua kimemwachia? Ng'ombe wamepata majani? Nijibu yote, usiruke hata moja.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanao Venant alisema, baba sema mimi niandike kwenye simu, shangazi apate sasa hivi. Nikakataa. Vitu vya kwenye simu nimeshaona vinakokwenda, na ndiyo habari yenyewe. Mwandiko wangu hauna shida, unajua darasa la ngumbaru niliwapita wote mpaka mwalimu akaniachia chaki.

Odeta, kaseti yangu ya mashindano ya ngoma ya Kisesa haipo tena.

Unaikumbuka, wewe ndiye uliyeirekodi. Ulikuwa msichana bado, umebeba redio begani katikati ya uwanja. Mimi na wachezaji wangu wa Bagika upande huu, Chenge na wake wa Bagalu upande ule, tunacheza wakati mmoja kama ilivyo desturi, na watu wanaamua kwa miguu yao. Wanakokimbilia wengi ndiko kwenye ushindi. Mwanzo Chenge alikuwa na watu, sikatai, kwa sababu ya ile ngoma yake kubwa. Kisha nikapandisha ule wimbo wangu wa fisi aliyeomba kazi ya kuchunga, uwanja wote ukageuka. Walisema nina dawa. Dawa yangu ilikuwa koo, na koo hilo ninalo mpaka leo.

Kaseti ile ndiyo shahidi wangu. Unasikia ngoma za Chenge ziko juu, kisha unasikia miguu, miguu kama ng'ombe walioona maji, kisha wewe mwenyewe unakimbia na redio unahema, na ngoma zake zinabaki nyuma huko, ndogo. Aliyebisha nilimwekea, akaenda kwake kimya.

Sasa redio yangu ilikufa. Fundi wa Igoma akasema mpira wa kuzungusha kaseti haupatikani tena. Venant naye ana kibanda hukohuko Igoma cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu. Akaniambia, baba lete niiweke mtandaoni, haitapotea tena, utasikiliza popote ulipo. Nikampa. Mwanangu, ningemnyimaje?

Akarudi na simu. Ili nisikilize wimbo wangu mwenyewe lazima kwanza niwe na bando. Kisha kabla sijafungua mdomo anatokea msichana anauza sabuni. Nimeimba mimi, anatangulia yeye. Mtandao ukikata huku juu kwenye mawe, nakatika nao katikati ya neno. Na chini yake watu wameandika maneno yao, mmoja anasema babu huyu anaimba kama mbuzi aliyetumbukia kwenye pipa. Simjui jina, sijui anakaa wapi nimfuate. Venant anafurahi eti wamesikiliza watu wengi. Nikamuuliza, katika hao, nani amekuja kunisalimia?

Hayo ningeyavumilia. Lakini nikasikiliza vizuri, nikajikuta niko peke yangu. Ngoma za Chenge hakuna. Miguu hakuna. Nikamuuliza Venant watu wako wapi. Akasema, "Baba, nimeisafisha. Kulikuwa na kelele nyingi, nimezitoa, sasa unasikika wewe tu." Nikamwambia irudishe ilivyokuwa. Akasema ile ya mwanzo ameifuta, ilikuwa inamjazia simu. Nikauliza kaseti yenyewe iko wapi. Mkanda ulinasa kwenye mashine ukakatika, akaitupa, na gari la taka limeshapita. Anaeleza taratibu, kama mtu anayengoja nimshukuru.

Na pale ulipomwita mama, "Mama njoo huku, amewavuta," naye akaitika, "Namwona," hiyo nayo kwa Venant ilikuwa kelele. Sauti ya mama nyingine sina popote.

Jumapili akapita Chenge. Bado anakaa mawe ya juu yetu, na bado anawaambia watu kwamba siku ile jua ndilo lililomwahi likazama, si mimi niliyemshinda. Alisikia niko mtandaoni, akataka kusikia. Akaweka simu sikioni mpaka mwisho, akacheka. "Mihayo, kumbe ulimshinda nani? Humu uko peke yako kama mtu anayeoga."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi, Odeta.

Kisha akaacha kucheka, akamgeukia Venant. "Na ngoma zangu ziko wapi?"

"Zilikuwa zinaingilia, mzee."

"Zinaingilia? Ngoma hizo zilimzuia baba yako mpaka jua likainama. Wajukuu zangu wakisikia kitu hiki watasema babu hata Kisesa hakufika."

Sijawahi kumwona na hasira namna ile, hata siku niliyomshinda. Alimsema Venant mpaka pumzi ikamwishia, na hapo nikampokea mimi.

Sasa nakuja kwenye ombi. Ulipoolewa mkahama na ng'ombe nilikunakilishia kaseti ile dukani kwa mzee Khalidi, kwenye redio yake ya milango miwili. Naitaka. Chenge anayo redio nzima, anaifunika kitambaa kama mtoto mchanga. Niliapa sitaingia nyumbani kwa Chenge mpaka nife. Nitaingia. Redio yake, kaseti yangu. Ameahidi kukaa kimya mpaka mwisho, hata pale watu wanapomkimbia. Tutaona.

Usimpe mtoto yeyote aisafishe. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa kaseti ili shemeji asirekodi mpira wa redioni juu yake, namjua. Mkanda ukilegea, ukaze kwa kalamu. Ifunge kwenye kanga, mkabidhi kondakta mkononi, asiiweke mbele kwenye kioo cha basi ikapigwa na jua. Mimi nitakuwa stendi ya Nyegezi kabla basi halijafika.

Nisalimie shemeji Luhende, Gladness na Winnie na watoto wao wote. Rose anasema anakukumbuka. Venant naye anakusalimu, nimemruhusu. Mungu awape afya na mvua ya kutosha, na zizi lijae.

Jambo moja la mwisho. Kabla hujaifunga, isikilize mwenyewe, mpaka pale unapokimbia. Kama mama bado anaitika, usinipigie simu kuniambia. Itume tu.

Ni mimi kaka yako anayekupenda na asiyebadilika,

Mihayo