Kwa Njoroge, Aliyeniletea Bongo za Ng'ombe

Kaka Njoroge,

Imefanya kazi. Ile protini tuliyohangaika nayo, wewe na mimi, imefanya kazi Jumanne asubuhi, na nilipoona mstari ukipanda kwenye kompyuta niligeuka nikuite. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Ulikuwa umechoma nyama Kenyatta Market miaka mingi, hadi kifafa kilipokuangusha karibu na moto ukaungua mkono. Mwenye kibanda akakwambia upumzike nyumbani, na sote tulijua maana yake. Ukakaa nyumbani Uthiru kutwa, Mama akikuchunga kama mtoto. Ndipo nikakuomba uniletee bongo za ng'ombe kutoka kichinjioni, kwa sababu zikichelewa huharibika, na wewe wachinjaji uliwajua. Ulifika maabara kule Kileleshwa na kisanduku cha barafu, umevaa shati la kanisani.

"Sasa Dokta! Nimekuletea bongo fresh, huyu ng'ombe hata hajajua amekufa."

Nilicheka mpaka profesa wangu akatoka ofisini.

Wengi waliniuliza kazi yangu ni gani. Wewe ulingoja jibu. Nilikueleza kwamba seli ya ubongo imezungukwa na utando wa mafuta, na ndani ya utando huo zimo protini zinazofunguka na kujifunga kama milango. Yangu ni ile inayotuliza seli zisiwake zote kwa pamoja. Natafuta umbo lake na jinsi inavyofanya kazi. Ukauliza:

"Kumbe hizi tembe zangu zinaendanga hapo?"

Nikasema ndiyo, hapo hapo.

"Basi siku itafunguka, uniite. Nataka kuona hiyo kitu imenisumbua tangu nikiwa mtoto."

Sikupata kukuita. Mara ya kwanza sabuni ya kuitoa kwenye utando ilikuwa kali mno, umbo likavunjika. Iliyofuata ilitoka safi kabisa, tukapanga uje Ijumaa. Stima ikapotea, jenereta ikakataa kuwaka, kazi yote ikaharibika kwenye friza. Ulinikuta nimeketi sakafuni. Hukuniambia pole. Ulichukua kisanduku chako ukasema, "Wacha nirudi kichinjio. Ng'ombe bado wako."

Ile stima, Kaka. Nikiikumbuka… Kama isingepotea, ungeona.

Ulianguka bafuni kabla hatujamaliza kazi ya ubongo mpya uliouleta. Mama alisikia kishindo, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mimi nilikuwa maabara, nimeinamia protini hiyo hiyo. Najua dawa yako inaigusa wapi. Nilijua hata asubuhi ile, na bado majirani walilazimika kuvunja mlango.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akinong'ona "ule ugonjwa wa Njoroge," hata mbele ya daktari? Kwenye mazishi yako, mchungaji aliposema uliugua kwa muda mfupi, Mama alisimama. "Hapana, Pasta. Kijana wangu alikuwa na kifafa tangu utotoni. Na hakurogwa." Baadaye jirani mmoja akamvuta kando, akamwambia ana binti anayeanguka, na kwamba amemtoa shule kwa aibu. Nasikitika kwamba hukumsikia Mama siku ile. Maisha yako yote ulingoja alitaje jina hilo bila kuinamisha kichwa.

Basi Jumanne. Tulikuwa tumeipandikiza protini kwenye utando mwembamba, tunapima umeme unaopita. Nilipotia dawa, ile ile uliyokuwa ukimeza, protini ilikaa wazi kwa muda mrefu zaidi. Mstari ukapanda, ukatulia huko juu. Profesa akanipa hongera. Nikamwomba aniache peke yangu kidogo, nikakueleza kwa sauti kila kitu kilichokuwa kikitokea, kama mwendawazimu. Ungeniuliza maswali. Sikuwa na wa kuniuliza.

Kazi bado ni kubwa. Umbo lenyewe hatujaliona sawasawa, na pengine watakaoliona ni wengine. Nitaendelea hata hivyo. Na yule binti wa jirani, Mama amezungumza na mzazi wake mpaka amekubali. Jumatatu nitampeleka kliniki mimi mwenyewe.

Lala salama, ndugu yangu. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kuandika. Binti anaitwa Nyambura, na anasema anataka kurudi darasani. Nakuahidi atarudi.

Dada yako,
Wanjiku