Mashine za kilo, na mama wa kubeba mgongoni

Goma, Majengo, Jumapili tarehe 10 mwezi wa tisa 2023. Ni miezi kumi na nusu tangu vita vitutoe kijijini kwetu Kalengera.

Mama Marie-Claire, nakusalimu kwa heshima, wewe na wote unaofanya nao kazi pale redioni. Mimi si mtu wa kuandika barua, masomo yangu yaliishia mwaka wa tatu wa sekondari, vita vilipita shule ikafungwa na mimi nikashika jembe, kwa hiyo ukikuta nimekosea unisamehe, lakini nimebanwa na sina mtu mwingine wa kumuuliza.

Hapa Goma kazi yangu ni kuchimba mitaro ya kupitishia nyaya za intaneti, na wewe unaijua ardhi ya mji huu, ni mawe matupu ya volkano, kwa hiyo hatuchimbi, tunapasua, na jioni hata kijiko kinanishinda. Msimamizi wetu ni injenieri Mushagalusa, mtu wa Bukavu, na siku moja aliniambia, «Célestin, weye unauliza sana. Jifunze mitandao ya kompyuta, ufanye mtihani wake, upate cheti, uachane na nyundo.» Nikadhani ananichekesha. Akanieleza kwamba mtihani ule mtu hafaulu kwa kukariri tu, inabidi uwe na vifaa vyako nyumbani, uviunganishe, uviharibu, uvitengeneze tena mpaka mkono uzoee, na vifaa vyenyewe ni swichi, ambayo inaunganisha kompyuta za ofisi moja, na ruta, ambayo inapeleka habari kutoka mtandao mmoja hadi mwingine.

Basi nikaenda mtaa wa Birere kwa Kahambu, mama mmoja wa Butembo anayeuza vitu vya okazio, vilivyokwisha kutumika na wengine, nikakuta amerundika vifaa vya ofisi fulani iliyofunga, anaviuza kwa kilo, maana wateja wake wengi ni mafundi wa kuyeyusha chuma na kutengeneza sufuria. Akaniuliza, «Papa, unataka ya kuyeyusha ao ya kuwasha?» Nikasema ya kuwasha. Akasema, «Bei ni ile ile, lakini ya kuwasha inaleta kichwa kuuma.» Mama Marie-Claire, mimi ni mkulima. Kwetu mtu akinunua jembe analipima kwa mkono, jembe zito ndilo jembe, lile jepesi linakunjika kwenye jiwe la kwanza. Vilikuwepo vifaa vidogo kama kitabu, nikavidharau, nikachagua vile vikubwa vya chuma, swichi mbili na ruta mbili, na chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, iliyovibeba ililia njia nzima. Kahambu ni mtu wa haki, alisema, «Uende uwashe kwako. Zikikataa, ao roho yako ikikataa, unirudishie mbele ya Jumamosi ijayo, pesa yako utaikuta.»

Tunakaa chumba kimoja, mimi na bibi yangu Alliance, mama wa watoto wangu, binti yetu Charline, mtoto mdogo anayenyonya, na mama yangu Nyiramahirwe ambaye miguu yake imevimba na hawezi kutembea mbali. Nilipoziwasha zilinguruma kama kinu cha kusaga muhogo, taa za kijani zikawaka, na mimi nilifurahi kama mtoto, nakwambia kweli. Alliance akajaribu kuinua moja kwa mikono miwili, akaishusha chini.

«Hii ni masini ao ni jiwe? Mawe ya Goma hayakutosha, unatuletea na ingine ndani?»

«Ni ya kusomea.»

«Sawa, muzee wa masomo. Tukikimbia tena, utabeba nani?»

Ulizo hilo ujue lilikotoka. Siku tuliyokimbia Kalengera nilimbeba mama mgongoni kwa kamba ya kupitisha kwenye paji la uso, vile wanawake wetu wanavyobeba mizigo, wanaume wengine walinicheka barabarani na mimi sikujali, Alliance alikuwa na mtoto mgongoni na Charline mkononi, na kila kitu kingine tulikiacha, hata mbuzi tuliwaacha wamefungwa na mpaka leo Charline anauliza nani aliwafungua. Hapa Goma pia kila nyumba ina mfuko wa kukimbia nao umewekwa nyuma ya mlango. Kwa hiyo Alliance hakuwa anachokoza. Lakini mimi nilikuwa nimechoka, na furaha yangu ilikuwa imekatwa, nikamjibu, «Tutaona siku hiyo.»

Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Akacheka kidogo. Akasema, «Alliance, umuache. Masini itamuzalia mushahara. Mimi nitamuzalia nini tena? Nilishamaliza kuzaa. Muzigo wa hii nyumba njo mimi.»

Nilichukua bidoni nikaenda kuteka maji.

Niliporudi nilikuta amefunga vikwembe vyake vya kuvaa na sufuria yake ndogo kwenye furushi. Anasema Jumatatu ya tarehe 18 anaondoka na wamama wa kwetu wanaopita njia ya kaskazini kwenda kuchungulia mashamba, wao watarudi na mihogo, yeye atabaki Kalengera, nyumbani kwake, ili mimi nisome kwa nafasi. Njia ile wewe unaisikia kwenye habari kila siku. Amekuwa mpole sana, ananisalimu, anakula, anacheza na mtoto, na upole huo ndio unaonitisha, angegomba ningejua la kufanya.

Sasa naomba uniambie. Nizirudishe mashine au nizishike? Kama ni kurudisha, kuna vifaa vingine vya bei ya mtu kama mimi, ambavyo mtu anaweza kusomea mpaka apate cheti? Au niache ndoto hii, nibaki na nyundo? Nina nguvu za miaka michache tu ya kupasua mawe, baada ya hapo sijui watoto watakula nini.

Na neno moja tena. Alhamisi sisi wote tunasikiliza kipindi chako, mama ndiye anayeshika redio. Ukisoma barua hii atasikia. Mimi naona si vibaya akisikia kutoka kwako kwamba sikuwa na nia ya kumwacha, maana kinywani mwako neno linatoka vizuri kuliko kwangu.

Tunategemea kurudi Kalengera mwezi wa pili, wakati wa kupanda maharage.

Célestin

*

Célestin mwanangu, barua yako ilifika Jumanne na nimeipitisha mbele ya nyingine zote, wenye barua za ndoa watanivumilia wiki hii.

Tuanze na chuma, maana chuma ni chepesi kuliko lile lingine. Mimi mitandao siijui. Nilimwita Josias, fundi anayetutengenezea kompyuta hapa redioni na ambaye Jumamosi anafundisha vijana, nikamsomea. Alipofika kwenye jembe alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka akasema, «Mama, hata mimi nilinunua hivyo mara ya kwanza.» Kwa hiyo usione haya. Ila zirudishe. Zirudishe kesho Ijumaa, maana Jumamosi muda aliokupa Kahambu utakuwa umekwisha. Josias anasema mashine kubwa za zamani namna hiyo zilitengenezwa kukaa katika chumba cha ofisi chenye baridi na umeme usiokatika, wewe huna hata kimoja. Zinakula umeme, na mwenye nyumba wako atakuja kukuuliza. Zaidi ya hapo ni za zamani mno, mambo mengine yanayoulizwa kwenye mtihani wa leo hazikuyajua.

Vile vidogo kama kitabu ulivyovidharau ndivyo ulipaswa kuvitazama. Lakini hata hivyo usivinunue kwanza. Kitu cha kwanza ni kompyuta ya kubebeka, ya okazio, si lazima iwe nzuri ya kutazama, iwe na betri inayoshika na kumbukumbu ya kutosha. Ndani yake unaweka programu ya bure ya kufanyia mazoezi, unachora ruta, unachora swichi, unaziunganisha kwa kidole, unaziamuru, nazo zinajibu kama za kweli. Josias anasema sehemu kubwa ya mtihani inajifunzwa hivyo, na yeye mwenyewe alijifunza hivyo. Baadaye ukipata nafasi, ongeza swichi moja ndogo na ruta moja ndogo, mkono upate kugusa kitu cha kweli. Na hapo ununue kwa akili. Mwambie Kahambu aiwashe mbele yako, muingoje mpaka ipate moto, mchomeke waya kwenye kila tundu muone kama taa inajibu. Uulize kama chaji yake ipo. Uulize kama ipo ile waya ya kuunganisha kompyuta na ruta ili uipe amri, bila hiyo utabaki kuitazama. Uulize kama neno la siri la ofisi ile limefutwa. Akikwambia «utajua mbele», acha hapo.

Kompyuta ni ghali kuliko chuma cha kilo, hilo ninalijua kabla hujaniandikia tena. Ndiyo sababu usinunue chochote mwezi huu. Josias anasema uje darasani kwake Jumamosi mchana, kompyuta zipo, utakaa na vijana wadogo kuliko wewe na watakuita papa, uvumilie. Mwombe pia huyo injenieri wako. Yeye ndiye aliyekutia moto, basi akuonyeshe mashine za kazini, akuache uziguse. Mtu akishamwambia mwenzake asome, ana deni dogo la kumsaidia. Na cheti chenyewe usikifanye mlango wa mbinguni. Kitakuchukua mwaka, labda miwili, maswali yake mengi yako kwa Kiingereza, na kazi haingoji mtu mlangoni. Lakini ndoto usiiache. Ulichokosea ni kununua, kutaka kusoma si kosa.

Sasa nije kwako mwenyewe.

Célestin, umeniandikia mambo mengi ya kilo. Ya mama yako umeyaweka katikati, kama mtu anayeficha kidonda ndani ya nguo nyingi. Alliance alikuuliza swali la haki kabisa. Yeye ndiye aliyetembea njia ile na mtoto mgongoni, akikutazama kila hatua kama utaanguka na mama yako. Hakuuliza kuhusu masomo yako, aliuliza kuhusu mgongo wako. Jibu lilikuwa fupi na ulikuwa nalo tayari, maana ulishalitoa kwa miguu yako, kutoka Kalengera mpaka Goma, ukichekwa. Badala yake ukasema «tutaona». Haya, mtu aliyechoka anasema vibaya, sote tunasema vibaya, hilo ningelipita. Lakini mama mzima, mbele ya mkwe wake, anasema yeye ni mzigo, na mwanawe anachukua bidoni anakwenda kuteka maji? Maji yalikuwa yanakimbia? Furushi lile hakulifunga kwa ajili ya swichi. Kama ni mashine zilizomuudhi, angekwambia uzirudishe. Alilifunga kwa sababu alingoja useme kitu, ukafunga mlango.

Nakuhurumia, usifikiri sikuhurumii. Mtu anayepasua mawe kutwa nzima anaishiwa maneno, hata baba yangu alikuwa hivyo. Lakini mama huwezi kumrudisha kwa Kahambu kesho na kumchukua tena mwezi wa pili. Njia ile si ya mwanamke mwenye miguu iliyovimba, na nyumba ya Kalengera haina mtu wa kumtekea maji. Wewe unajua hayo, na yeye anajua. Bado anakwenda. Fikiri ni kitu gani kinauma kiasi hicho.

Uliniomba nimwambie mimi, kwa sababu anasikiliza. Nimekuelewa vizuri, na nimesoma barua yako yote, neno kwa neno, nikijua kwamba anasikia. Mama Nyiramahirwe, nakusalimu, heshima yako iko pale pale. Lakini lile neno silisemi. Likitoka kwangu litakuwa neno la redio, na redio inasema mambo mengi, inasema bei ya makaa, inasema nani amekufa. Mama yako alikuzaa na kukulea kwa Kinyarwanda. Umwambie kwa Kinyarwanda, wewe mwenyewe, na Alliance awe amekaa hapo asikie naye, kwa sababu swali lilikuwa lake. Useme kwamba siku ikifika, mgongo wako ni wa mama, na vitu vya kusomea vitakwenda kama vikipata nafasi, visipopata vitabaki. Usieleze mambo ya mishahara. Usitoe sababu ya uchovu. Useme hivyo tu, halafu ungoje, hata kama atanyamaza muda mrefu. Wazee wanachukua muda kurudi kutoka mahali walipokuwa wamekwenda moyoni.

Jumatatu usiende mtaroni. Mtaro utaukuta.

Na sasa hivi, Célestin, mama yako ameshika redio na anakutazama. Izime.