Mkutano wa Ukuta wa Kelele

Salha, uko wapi? Soma haraka. Nimemuumbua baba mkubwa mbele ya mtaa mzima!

Si leo ulikuwa mkutano wa ule ukuta wa kuzuia kelele za barabara kuu? Unajua ukijengwa, madereva wa malori hawaioni tena meza yangu ya zabibu. Na anayeutaka kuliko wote ni baba mkubwa Mbaruku, eti malori hayamwachi alale.

Mhandisi wa manispaa anaeleza, mimi namtazama baba mkubwa tu. Kichwa kikaanza kushuka. Nikasubiri. Likapita lori, honi mpaka turubai la mkutano likatikisika. Anakoroma! Likapita la pili. Anakoroma!

Ndipo nikanyoosha mkono. "Shikamoo mhandisi. Mzee anayekosa usingizi kwa kelele ndiye yule pale."

Watu hoi! Mhandisi mwenyewe kacheka mpaka kavua miwani. Kura ikapigwa, ukuta ukakataliwa.

Makofi ndiyo yaliyomwamsha. Akadhani umepita, akasimama: "Ahsanteni sana, wanangu. Sasa nitalala."

Salha, hakuna aliyethubutu kumwambia! Kaniagiza pilau la kushangilia. Ndiyo nachambua mchele hapa.