Mama mkwe kanikuta Majengo

Muriuki, nimekwisha. Wewe ndiye uliyeniambia nikija Meru kumrudisha mke wangu Kanana nyumbani nilale Majengo, karibu na soko, eti chakula ni rahisi.

Asubuhi nimetoka bafuni na taulo tu. Uani nani anapanga ndizi zake za kuuza? Mama mkwe! Kumbe huzihifadhi kwenye gesti hii hii. Mama mkwe, Muriuki! Na mimi kifua wazi!

Amejifunika uso na leso, akapiga kelele: "Kwani kwao Kiritiri hawavai nguo?"

Sasa hivi Kanana amesimama nje ya mlango wangu. "Leta mbuzi wa kumtuliza mama. Kabla ya hapo usiniite mke."

Mfungue beberu wangu mweusi, umlete leo. Najua nilikataa kumuuza. Bila yeye sina mke.