Diski Ulizozigawa Wewe

Ridha,

Hapa Sfax hatujambo, na mizeituni imezaa.

Ulinicheka kwenye simu: kompyuta ya picha za wagonjwa hapa kliniki kwetu inajikokota kwa sababu "wewe na mashine wapi na wapi". Diski ni nzima, bwana fundi. Ni wewe uliyezigawa ovyo kabla ya kuziunganisha kwa programu ya Linux. Mipaka ya sehemu zako haikulingana na vyumba vya diski vya kuhifadhia data, kila kusoma na kuandika kukawa kunagusa vyumba viwili badala ya kimoja. Nimehamisha picha, nikagawa upya.

Leo picha ya tumbo la mama yako ilifunguka papo hapo. Daktari akaona uvimbe kwenye ini. Mama hajaambiwa. Aliisifu kasi tu: "Kazi ya mwanangu hiyo."

Sikumsahihisha.

Aliyekuwa mkeo,
Zohra